Mita Kumi na Moja

Mama Sekela alikuja na ramani yake mwenyewe. Aliichora kwa kalamu ya wino kwenye karatasi ya daftari, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho chake. Alipoikunjua mezani kwangu ilikuwa imechanika kwenye mikunjo, na uwanja wa mnada wa Ikumbilo ulikuwa na tundu katikati. Nadhani alishaikunjua mbele ya watu wengi kabla yangu.

"Hapa bomba la maji," alisema, akiweka kidole. "Hapa mimi. Hapa yeye. Huku magharibi ni mbuzi wa mnada. Huku mashariki uzio wa mabati, halafu barabara. Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Usiseme umeona ili kuniridhisha. Nionyeshe mbuzi wako wapi."

Nikamwonyesha mbuzi. Akatikisa kichwa, akavuta kiti mbele kidogo, akaanza upya kama mtu aliyekwisha kuhadithia jambo hilo mara elfu na hajawahi kusikilizwa hata mara moja.

"Alikuwa na miaka sita. Jua lilipogeuka pete, watu wote waliangalia juu, na mimi niliangalia. Upepo ulikuwa unaipeperusha picha yangu ya eksirei, ile ya kuangalizia, ikabidi niishike kwa mikono miwili. Nikamwachia mkono. Nilipoinamisha kichwa hakuwepo. Dakika tatu, mwanangu. Ni miaka ishirini na nane sasa watu wananiita Mama Sekela, na Sekela mwenyewe sijui aliko."

Nilimmiminia chai. Huku Makete juu, hata mwezi wa tisa, mgeni ukimkalisha nusu saa bila chai anaanza kutetemeka, na mimi sikutaka kumwona akitetemeka mbele yangu. Nilikuwa na sababu zangu, na nitazisema, maana kuzificha ndiko kulikoniponza.

"Unadhani alielekea wapi?" nilimuuliza.

"Kwa mbuzi."

"Polisi waliandika barabarani. Wanasema mtoto akichukuliwa anapelekwa kwenye gari."

"Polisi hawakumzaa. Sekela alikuwa haipendi barabara, alikuwa anaogopa honi. Mbuzi alikuwa anawafuata mpaka nafika kumpiga. Andika mbuzi."

Niliandika mbuzi. Kisha nikamsomea fomu, kama sheria ya kituo inavyotaka. Kifungu cha nne: picha yote ni mali ya aliyeiomba, na kila kilichomo ndani ya fremu ni chake peke yake, hakuna wa kubaki na nakala bila ruhusa yake. Akasema sawa. Kifungu cha saba nikakiruka. Kinasema kwamba anayepanga fremu asiwe na ndugu yake ndani ya picha.

"Na wewe kwenu wapi, mwanangu?" aliniuliza huku anatia sahihi. "Una sura ya huko kwetu."

"Tukuyu, huko huko," nikasema. Sikusema kijiji.

*

Kazi yangu ilikuwa kupanga fremu kwenye Kituo cha Mwanga wa Zamani. Watu wengi wakisikia hivyo wanadhani tunafufua wafu. Hatufufui mtu. Huko angani, umbali wa miaka kumi na minne ya mwanga, kuna wingu la vipande vya barafu vilivyolala upande mmoja, nasi tunaliita Kioo. Mwanga wa dunia unaondoka hapa, unasafiri miaka kumi na minne, unagonga kwenye ile barafu, na tone lake dogo linarudi miaka mingine kumi na minne. Kwa hiyo ukilielekeza jicho kwenye Kioo leo, unaiona dunia ya miaka ishirini na nane iliyopita. Tuna macho matatu yanayoelea angani, mbali kabisa na mwanga wa jua, na yote matatu yanafanya kazi ya jicho moja. Mwanga ukishapita umepita. Ukikosa kuupiga picha, hakuna wa kuukimbiza.

Mimi sikuanza na watu. Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa nasafisha picha za galaksi. Ninaipenda kazi hiyo hadi leo. Unapewa picha nyeusi yenye ukungu, unaondoa uchafu taratibu, na siku ya tatu linatokea duara la moshi wa dhahabu lenye nyota kwa mabilioni, na mwanga wake uliondoka huko kabla hakujawa na binadamu wa kuuangalia. Nilikuwa nakaa mbele ya galaksi mpaka chai inapoa. Na galaksi ina adabu: haina ndugu wa kuja ofisini kulalamika kwamba umemkata miguu.

Picha za watu ni taabu nyingine. Kwanza, kutoka juu huwaoni watu, unaona vichwa. Vilemba, kofia, vipara na vivuli. Watu hawaangalii juu, hawana sababu. Tumewahi kupiga harusi nzima na hatukupata sura hata moja isipokuwa ya bwana mmoja aliyelala kwenye majani amelewa. Ndiyo maana mwanga wa siku ya kupatwa kwa jua ulipokaribia kurudi, kituo kizima kilikuwa kama kina sherehe. Siku ile, Ikumbilo nzima iliangalia juu kwa pamoja. Na Kioo, kwa bahati ambayo mzee Mahenge alisema haitarudi tukiwa hai, kilikuwa pembeni kidogo tu ya jua. Aliyeliangalia jua alituangalia sisi.

Maombi yalikuja zaidi ya mia tatu. Dakika tatu, fremu moja, uwanja mmoja. Bodi ilichagua ombi la Mama Sekela, na hakuna aliyenung'unika.

Mimi ndiye niliyepaswa kunung'unika, maana mama yangu alikuwa kwenye uwanja ule ule.

*

Aliitwa Subilaga. Alifariki nikiwa sijatimiza miaka miwili, wakati wa kumzaa mdogo wangu ambaye naye hakukaa. Picha yake ilikuwa moja tu. Siku ya mazishi waliibandika kwenye msalaba, wakaifunika na nailoni, kama wanavyofanya watu wengi kwetu, na hakuna aliyefikiria kwamba ilikuwa ya pekee. Rungwe mvua haina msimu. Nilipofika umri wa kuuliza mama yangu alikuwaje, pale msalabani palikuwa na karatasi nyeupe yenye madoa ya kijani.

Sijawahi kuiona sura yake. Najua alikuwa mrefu, kwa sababu watu husema. Najua alicheka kwa sauti. Kila mwanamke mrefu mwenye umri wa kutosha niliyewahi kupishana naye njiani nilimwangalia mara mbili, na ninaona aibu kusema kwamba nilifanya hivyo mpaka mtu mzima, wakati najua kabisa kaburi liko wapi. Nilimtamani mama yangu kama wenzangu wanavyotamani kuolewa au kujenga. Sikuwa na mpango mwingine wa maisha.

Jioni ile nilimpigia simu mama mdogo Atuganile, yeye ndiye aliyenilea.

"Mama mdogo, siku ya pete ya jua mama alikuwa wapi hasa?"

"Mnadani. Si nilishakwambia? Alikuwa anauza maandazi."

"Mnadani sehemu gani?"

"Lugano, unataka nini?"

"Nataka kujua tu."

Nilisikia sufuria ikishushwa mekoni.

"Kwenye uzio wa mabati," alisema. "Pale kona ya juu, wanakotokea watu wa barabarani, ndiko kulikuwa na wateja. Alikuwa na wewe mgongoni. Mimi nilikuwa shule, nililia kwa sababu walimu walitufungia madarasani tusiharibu macho. Yeye alirudi akanihadithia mpaka nikamchukia."

"Asante, mama mdogo."

"Lugano. Hiyo kazi yako, wanakuruhusu mambo hayo?"

"Hawaruhusu," nikasema, na nikakata simu kabla hajaniuliza swali la pili.

Usiku sikulala, nilipiga hesabu. Fremu yetu ina upana wa mita arobaini. Ukiipanua zaidi, nyuso zinageuka kuwa punje na huwezi kumtofautisha mtu na gunia. Ukiweka bomba katikati, unapata mita ishirini kila upande. Mama yangu alikuwa mita ishirini na tisa mashariki ya bomba. Nikiisogeza fremu mita kumi na moja, kona ya uzio inaingia, na bomba bado limo ndani, mita tisa kutoka ukingo wa magharibi.

Kumi na moja tu. Nilijiambia hivyo mara nyingi mpaka ikawa kama si kitu.

*

Mzee Mahenge ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua kuhusu picha. Ni mtu wa Njombe, mkavu, na amevaa koti lile lile tangu nimjue. Siku ya kwanza alinipa picha ya galaksi iliyowekwa katikati kabisa, akaniuliza kama inanisisimua. Nikasema hapana. Akaigawa picha kwa mistari, theluthi kwa theluthi, akaisogeza galaksi mpaka mistari inapokutana, na ghafla ikawa inaelekea mahali. "Kitu kinachokwenda," alisema, "kipe nafasi mbele yake. Ukimbana mtu anayetembea kwenye ukingo, umempigisha ukuta."

Nilitumia maneno yake hayo hayo kumdanganya.

"Nimesogeza fremu mashariki," nilimwambia Jumanne asubuhi, nikimwonyesha mchoro. "Ripoti ya polisi inasema mtoto alielekea barabarani. Nimempa nafasi mbele yake."

Aliangalia mchoro. Aliniangalia mimi. Nilidhani ameona.

"Mama mtu anasemaje?"

"Anasema mbuzi. Lakini mzee, ni miaka ishirini na nane. Mtu mwenye uchungu hukumbuka anachotaka."

Hilo nililisema mimi, kwa mdomo wangu, kuhusu mwanamke aliyeninyooshea kidole kwenye ramani na kunifanya nimwonyeshe mbuzi wako wapi. Sitalisahau.

"Haya," alisema mzee Mahenge. "Wewe ndiye umekaa naye. Ila kumbuka macho yakishaelekezwa hayasogei. Yanahitaji saa sita kugeuka, na kesho saa sita hizo hatuna."

"Najua, mzee."

Akatia sahihi. Jumatano alfajiri macho matatu yalielekezwa kwenye Ikumbilo ya zamani, mita kumi na moja mashariki ya mahali Mama Sekela alipoomba. Kuanzia hapo hata kama ningepiga magoti isingesaidia.

*

Saa tano na dakika arobaini asubuhi mwanga uliingia.

Picha zilikuja moja kila sekunde. Za kwanza zilikuwa nyeusi, kisha mashine ikazipanga, na uwanja wa mnada ukajitokeza kwenye ukuta wa kioo wa chumba chetu: udongo mwekundu, vivuli vilivyochongoka, na nyuso. Mzee Mahenge alisema jambo kwa Kibena na akavua kofia. Hatukuwahi kuona nyuso nyingi namna ile. Wengine walikuwa wameziba macho kwa miwani ya karatasi. Wengine walishika picha za eksirei, ukawa unaona mbavu za mgonjwa fulani juu ya pua ya mtu mzima. Lakini midomo yote ilikuwa wazi. Watu mia na zaidi, wameduwaa kwa pamoja, wanatuangalia moja kwa moja.

Nilikwenda kwanza kona ya juu mashariki. Nisidanganye. Mtoto wa mwenzangu nilimwacha nikakimbilia kona yangu.

Alikuwepo. Beseni, ndoo ya maandazi iliyofunikwa kitambaa, mwanamke mwenye kilemba cha bluu, na mgongoni kofia ya kufuma ya mtoto. Lakini mama yangu hakuangalia juu. Aliinama. Hakuwa na miwani wala eksirei, kwa hiyo alifanya kile walichofanya wengi wa kwetu siku ile: aliweka maji kwenye beseni na akaliangalia jua humo ndani, lisimuumize. Nilichokiona kilikuwa kilemba. Picha moja, mbili, kumi, kilemba tu. Nilianza kulia kimya kimya, hasira zikinipanda, kwa mama mtu mzima anayeinama siku moja duniani ambayo angepaswa kunyanyua uso.

Kwenye picha ya mia na kumi na mbili niliyaangalia maji.

Ningepaswa kulijua hilo kabla ya mtu yeyote, ndiyo kazi yangu. Maji ya beseni ni kioo. Mtu akiliona jua ndani ya maji, basi anayesimama upande wa jua naye anamwona yeye humo humo, maana mwanga una njia moja ya kwendea na kurudia. Na sisi tulikuwa upande wa jua. Ndani ya beseni, pembeni ya pete ndogo inayong'aa, kulikuwa na uso.

Nilikuza. Paji pana. Nyusi kama zangu. Mdomo umefunguka, meno yanaonekana, anacheka na mtu aliye pembeni yake. Alikuwa na miaka ishirini na mbili siku ile na mimi nina ishirini na tisa. Nilimtafuta mama yangu maisha yangu yote, nikamkuta msichana mdogo kuliko mimi, na nikatamani nimwambie akae kivulini, asichoke, asibebe ndoo ile. Nilimpenda papo hapo. Niliweka kidole kwenye ukuta, juu ya shavu lake, na ukuta ulikuwa wa baridi.

"Lugano," mzee Mahenge aliniita. "Njoo huku."

Sauti yake haikuwa nzuri. Nilikwenda.

Sekela alikuwa pale bombani, gauni la njano. Uso wake ulionekana vizuri kabisa kwenye picha arobaini, anaangalia juu kwa jicho moja kupitia kikaratasi chenye tundu. Mama yake pembeni ameshika eksirei kwa mikono miwili, kama alivyosema. Kwenye picha ya sitini na mbili Sekela anageuka kuelekea magharibi. Kwenye ya sitini na tano mkono unaingia kutoka ukingoni. Mkono wa mtu mzima, shati la mikono mirefu, rangi ya kijani au kijivu. Sekela anaushika mkono ule bila kuvutwa. Ya sitini na tisa, kisigino chake. Ya sabini, udongo.

Picha zilizobaki, mia na kumi, zinamwonyesha Mama Sekela akiangalia juu, na pembeni yake hakuna mtu.

"Magharibi," alisema mzee Mahenge. "Kwa mbuzi. Fremu ingekaa bombani tungempata huyo mtu mpaka vifungo vya shati." Akaketi. "Basi. Imetokea. Tutaandika kwamba mwelekeo ulikuwa wa kukisia, na kweli ulikuwa wa kukisia. Si kosa lako, binti."

Nilirudi kwenye picha ya sitini na tano.

"Msafishie hizi arobaini za uso, apate kumwona mwanawe. Na huku mashariki kata kote, hakuna kitu, mwanamke tu kainamia beseni. Anachafua picha."

Akatoka kwenda kuandika ripoti. Nilibaki peke yangu, mkono juu ya mashine. Mnaelewa nilichoambiwa? Kilichokatwa kinaingia kwenye takataka, na takataka za fremu hazina mwenyewe. Nilichotakiwa kufanya ni kazi yangu tu, niifanye vizuri, na mama yangu angekuwa wangu, bila mtu kujua, mpaka ninakufa.

Nilikaa pale mpaka mfagizi alipokuja kufunga madirisha. Sikukata.

*

Mama Sekela alifika Ijumaa mchana, amevaa kitenge kipya. Hilo ndilo lililonimaliza, kile kitenge. Alivaa kwa ajili ya kuonana na mwanawe.

Nilimwonyesha Sekela kwanza. Hakulia. Alisogeza uso karibu mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akafuta kwa ncha ya kitenge, akaendelea kuangalia.

"Nilikuwa nimesahau hilo jino," alisema. "Lilitoka siku mbili kabla. Nilikuwa nimesahau kabisa."

Kisha nikamwonyesha mkono. Aliuangalia muda mrefu.

"Wa mwanamke au wa mwanamume?"

"Sijui, mama. Haionekani."

"Na huku, mwenye mkono yuko wapi?"

"Yuko nje ya fremu."

"Kwa mbuzi."

"Ndiyo, mama. Kwa mbuzi, kama ulivyosema." Nilikuwa nimepanga maneno tangu Jumatano na yote yalipotea. "Wewe uliniambia na mimi nilikusikia. Fremu niliisogeza mita kumi na moja mashariki. Si kwa bahati mbaya. Ningeiacha ulipotaka, leo ungekuwa unamwangalia mtu huyo usoni. Mwanga wenyewe umeshapita, hauwezi kupatikana tena. Niliisogeza kwa sababu yangu mwenyewe."

Nilifungua kona ya mashariki, nikamkuzia beseni.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Mama yangu. Alifariki nikiwa mdogo. Nilikuwa sijawahi kumwona."

Alivaa miwani yake, aliyokuwa hajaivaa hata kwa Sekela.

"Subilaga," alisema polepole. "Subilaga wa maandazi."

"Ndiye."

"Basi hiyo kofia mgongoni ni wewe."

"Ni mimi."

Alivua miwani, akaishika mapajani. Nilingoja anitukane. Ningefurahi anitukane.

"Tulimtafuta Sekela siku tatu," alisema. "Siku ya kwanza kijiji kizima. Siku ya pili watu kumi. Siku ya tatu tulikuwa watatu: mimi, baba yake, na huyu. Hakuwa ndugu yangu. Hata hatukuwa tukisalimiana vizuri, nilishamsema mbele za watu kwamba maandazi yake mabichi. Aliacha biashara yake, akakufunga mgongoni, akaingia mtoni mpaka kiunoni anapapasa kwa miguu. Mimi nilishindwa kuingia. Niliogopa nisije nikamkanyaga. Aliingia yeye."

Nilikuwa sijui. Mama mdogo hakuwahi kuniambia, labda naye hakujua.

"Angekuwa amekaa hapo ulipokaa," alisema Mama Sekela, "angeielekeza hiyo mashine kwa mwanangu."

"Najua, mama."

"Hujui. Hukumjua."

Alilisema bila ukali, na ilikuwa kweli. Nilikuwa na sura ya mama yangu mbele yangu, na mtu aliyemjua ndiye aliyeketi upande wa pili wa meza, na nilikuwa nimemdhulumu.

Nilichukua fomu, nikaifungua kwenye kifungu cha nne na kuigeuza imwelekee. "Picha yote ni yako," nilisema. "Na huyu pia. Siruhusiwi kubaki naye. Leo jioni nitamwambia mzee Mahenge nilichofanya, na sitakuwa na kazi hapa. Lakini kabla ya hapo naomba, mama. Naomba hii moja. Sina nyingine."

"Unaitaka sana?"

"Tangu nipate akili."

"Na mimi," alisema, "tangu nipoteze yangu."

Nje watoto wa shule walikuwa wanapita wakigombana kwa Kikinga. Alisubiri mpaka wapite wote.

"Nitolee zote," alisema. "Huyu wangu na huyu wako. Kubwa, za kutundika ukutani."

Nilizitoa. Karatasi zilipotoka zikiwa na joto, alizipanga juu ya meza, Sekela kushoto, beseni kulia, akazisogeza mara mbili mpaka akaridhika. Kisha akaonyesha mashine kwa kidevu.

"Ifute humo."

"Mama..."

"Ifute nikiona."

Nilifungua picha ya mia na kumi na mbili mara ya mwisho. Pete ya jua, maji, msichana anacheka. Nilijaribu kuikariri kwa haraka kama mtu anayekariri namba ya simu, paji, nyusi, meno, nikaona kwamba nikikazana na meno nyusi zinanitoka. Nikabonyeza. Ukuta ukawa mweupe. Nilijiinamia mezani, nikalia kwa sauti, mbele yake, bila kujali nani anapita kwenye korido.

Alinisubiri nimalize. Hakunishika bega wala hakuniambia ninyamaze. Aliviringisha zile picha mbili pamoja, akazitia kwenye mfuko wa nailoni, akasimama.

"Nitazitundika sebuleni," alisema. "Pamoja. Ukitaka kumwona mama yako utakuja kwangu. Utakaa na Sekela kwanza, umwangalie vizuri, halafu utamwangalia wako. Sitakufungia mlango. Lakini utakuja, hutaletewa."

"Nitakuja," nilisema. "Nitakuja kesho."

"Njoo kesho."

Nilifuta uso kwa kiganja, nikatafuta kalamu. "Nyumba ni ya ngapi ukitokea barabarani?"

"Usihesabu nyumba," alisema, akiwa ameshafika mlangoni. "Uliza kwa Mama Sekela. Watakuonyesha."